Mwalimu Asiyetoka Mikono Mitupu

Katika miaka yote niliyomfahamu Mwalimu baada ya safari zake za Ulaya, sikuwahi kumwona akitoka nyumbani kwake mikono mitupu. Akienda dukani Katandala, mkono mmoja una kikapu na wa pili una randa ya kulainishia mbao. Randa ya nini dukani? Akienda kanisani, kulia kitabu cha nyimbo, kushoto mwavuli, hata kiangazi wakati wingu lenyewe limehama Ufipa. Sisi majirani zake wa mtaa wa Izia, hapa Sumbawanga, tulimcheka sana. Mama yangu, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema Mwalimu anaogopa wezi wataingia ndani wauibe ule mwavuli. Mimi nilidhani ni mazoea ya fundi, kwamba mkono uliozoea kazi hauwezi kukaa bure.

Wote tulikosea. Kosa langu mimi lilimgharimu mtoto wake, kwa hiyo asinitegemee mtu nisimulie habari hizi kwa upole.

Alinifundisha useremala katika karakana ya parokia. Tulikuwa wasichana wawili katikati ya wavulana. Mwenzangu alijikata kidole wiki ya tatu akaenda zake kwenye ushonaji, nikabaki peke yangu na Mwalimu ambaye hakuwa na huruma ya aina yoyote. Ukimpelekea kiungo kilichoachia nafasi ya unywele, anakichukua, anakipuliza, anakusikilizisha upepo unavyopita. "Umetengeneza filimbi," anasema. "Sasa tengeneza mlango." Na ukimwambia muda umekwisha, jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Mbao haina haraka, binti. Mwenye haraka ni wewe."

Leo nina karakana yangu mwenyewe, na vijana wangu nawaambia maneno hayo hayo. Wananichukia kama nilivyomchukia.

Karakana ile ilijengwa na bruda mmoja mzee kutoka milima ya Alpi. Alipochoka mgongo alirudi kwao, na kabla hajafa akamwombea Mwalimu kazi kwa mpwa wake aliyekuwa na hoteli huko milimani. Ilikuwa kazi ya msimu. Theluji ikishakaza mwezi wa Desemba, watu wa mijini wanapanda milimani kwa likizo ya kuteleza, na hoteli zinahitaji mikono. Theluji ikiyeyuka Aprili, kibali kinakwisha, unarudi kwenu. Mwalimu alikwenda misimu mitano. Mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kijana wake wa pekee alikula na kulala kwetu, kwa mama yangu, masika zote tano. Ndiyo maana hadi leo ananiita dada.

Kwa mtu wa Ufipa huo ni mpango mbaya kuliko yote. Alikuwa anaondoka sisi tunapanda mahindi, anarudi mahindi yamekwisha kubeba na ulezi umeanza kuinamisha vichwa. Yale matuta yetu ya kufukia majani, ambayo kila mwenye shamba anayapiga udongo ukiwa bado laini, yeye hakuyapiga miaka mitano. Shamba lake likawa pori katikati ya mashamba ya wenzake, na wazee wakawa wanapita wanatikisa kichwa.

Tulikuwa tunajua kwamba kule ni seremala mkuu wa hoteli. Yeye ndiye aliyetuambia hivyo.

Alisimulia vizuri mno. Kila Aprili karakana ilisimama kazi kumsikiliza. Alieleza viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, watu wamekaa juu yake miguu inapepea, wanavutwa hadi kileleni. Kule juu wanafunga mbao ndefu miguuni, wanateleza mpaka chini.

"Halafu?" tukamwuliza.

"Halafu wanapanda tena."

"Kufanya nini?"

"Kushuka."

Mwenzetu mmoja aliyetoka Muze, kule chini bondeni, ambako mama yake alipanda mteremko kwa miguu na gunia la mpunga kichwani ili aje auze mjini, aliuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, hao watu wamelaaniwa na nani?" Tulicheka hadi machozi. Mwalimu naye alicheka. Alisema kuna mwaka mbingu ziligoma, theluji haikuanguka, wakaleta mashine zikaitapika theluji ya kutengeneza mlimani usiku kucha, maana wageni walishalipia. Akamalizia kwa ule msemo wake: "Anayepanda kwa kamba asikusimulie mlima."

Lakini mbao zenyewe za kutelezea alizipenda. Hapo nilimwelewa. Alisema ni tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa kwa gundi, pembeni zimetiwa chuma, ncha imekunjwa juu kama ulimi wa ng'ombe, na chini zinapakwa nta kwa pasi ya moto. Mwaka mmoja aliamua tutengeneze za kwetu, siyo tuteleze, tujifunze kukunja mbao. Tulichemsha maji kwenye pipa, tukaweka mkaratusi juu ya mvuke, tukaukunja ukapasuka. Mara ya pili ukapasuka. Ya tatu ukapasuka, akatutukana kwa Kifipa. Ya nne ukatii. Nimekunja migongo ya viti isiyo na idadi tangu siku ile. Zile mbao mbili zilitundikwa ukutani, baadaye moja ikawa ngazi ya kuku kwake na nyingine sikuiona tena.

Alikuwa na mambo mengine ambayo hatukuyaelewa. Koti, kwa mfano. Alirudi safari ya mwisho na koti jekundu zito, vifungo vya rangi ya dhahabu, bitana ndani. Mnajua Sumbawanga ilivyo mwezi wa Juni, upepo unakata mpaka mifupa. Mwalimu alipita Juni hiyo amevaa sweta la kutoboka, na lile koti zuri akaivisha sanamu ya kufukuzia ndege katikati ya ulezi. Watu walikuja kumwomba, akawakatalia. Koti likaoza pale pale shambani, mvua na jua, na ndege wakaizoea sanamu wakawa wanatua begani kwake.

Na Jumamosi. Jumamosi Mwalimu alikuwa haonekani. Mlango umefungwa, hafanyi kazi, hapokei mteja. Padri alisikia, akaja mwenyewe kwa pikipiki kuuliza kama muumini wake amehamia kwa Wasabato. Mwalimu akamjibu kupitia dirishani kwamba Jumapili atamwona kanisani, na Jumapili akaenda kweli, na mwavuli wake.

Yote hayo mtu angeweza kuyapuuza. Jambo ambalo Sumbawanga haikumsamehe lilikuwa salamu.

Kwetu mtu mzima haamkiwi kwa mdomo peke yake. Mwanamume anachuchumaa, mwanamke anapiga magoti, unainamisha macho, unakutanisha viganja taratibu, vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, mara moja, mara mbili, mara tatu, na unayemsalimia anakujibu kwa makofi yake. Mtoto anajifunza hivyo kabla hajajua kujipangusa pua. Mwalimu aliporudi safari ya mwisho aliacha. Shikamoo aliitoa, marahaba aliipokea, lakini viganja vyake havikukutana tena. Mzee akimsogelea, Mwalimu anainua kikapu na randa kidogo, kama kusema unaona mwenyewe. Hapo ndipo watu waliposema Ulaya imemvimbisha kichwa. Yeye huyo huyo, akimwona mwanafunzi anamwamkia mzee amesimama, anawaka: "Chuchumaa! Unasalimia mtu au unasalimia mti?" Basi tukasema ni mnafiki pia.

Kijana wake alipopata mchumba Muze, mama yangu miguu ilikuwa imemvimba, nikaenda mimi kwa niaba yake. Tulikuwa watano katika gari la kukodi: mshenga, Mwalimu, mjomba wa kijana, kijana mwenyewe na mimi. Mwalimu alikuwa ametengeneza kiti cha mninga cha kumzawadia bibi wa yule binti, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, hata sasa nasema hivyo. Alikipakata njia nzima, mteremko wote, kona zote, na mwavuli umebanwa kwapani.

Tukafika. Jua la bondeni linaunguza. Bibi ameketi kwenye mkeka mlangoni, watu wake wamejipanga nyuma yake. Na kama desturi inavyotaka, mabinti wawili wa nyumba ile wakatoka mbio kutupokea mizigo. Mmoja akachukua kiti. Mwingine akachukua mwavuli.

Mshenga akachuchumaa. Mjomba akachuchumaa. Kijana akachuchumaa, mimi nikapiga magoti. Tukaanza makofi, na bibi alikuwa ameinua viganja vyake tayari kutujibu. Kisha akavishusha. Nikageuka. Mwalimu alikuwa amesimama, na mikono ameizamisha mifukoni.

"Mwalimu, shuka," mshenga akamnong'oneza.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akasema kwa sauti, kwa adabu kabisa. Alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope.

"Baba," kijana akasema.

"Nimeshasalimia."

"Baba, nakuomba."

Hakushuka. Sijui tulikaa hivyo muda gani, sisi wanne tuko chini na yeye yuko juu. Bibi hakupandisha sauti. Alimtazama mwanamume yule aliyekuja kumwomba mjukuu wake, akamtazama toka viatu hadi kichwa, akawaambia mabinti: "Mrudishieni kiti chake."

Tulipanda mlima kurudi. Kiti alikipakata tena. Tulipofika Izia kijana alinivuta pembeni, macho mekundu, akaniuliza: "Dada, baba yangu ana nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ndilo lingekuwa jibu la kweli. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu ya Muze bado inaniwasha usoni, nikamwambia: "Ana kiburi. Baba yako anajiona Mzungu. Kiburi chake anakipenda kuliko anavyokupenda wewe."

Wiki hiyo hiyo kijana akahamia Tunduma. Binti wa Muze aliolewa na mtu mwingine kabla ya mavuno. Ni miaka sita sasa, kijana hajarudi na hajampigia baba yake simu. Ananipigia mimi.

Mwaka jana mwezi wa Juni, Mwalimu alinitumia ujumbe niende na mkokoteni. Nilimkuta ameketi uani kwenye kile kiti cha mninga, blanketi magotini, amekonda. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, ugonjwa wa uzee, na fundi ambaye mkono unatetemeka anajua hali yake bila kuambiwa na daktari.

"Chukua sanduku la vifaa," akaniambia. "Lote. Hawa mafundi wengine wataviuza kama chuma chakavu."

Nikalifungua ili nione kama kuna vya kufungasha. Ndani ya kifuniko, imegongomewa kwa misumari midogo pembe zote nne, kulikuwa na kadi ya picha, zile ambazo hoteli zinawagawia wageni. Mlima mweupe, nyumba ya mbao, mlango mkubwa. Mbele ya mlango, juu ya theluji, mtu mweusi amechuchumaa, amevaa koti jekundu la vifungo vya dhahabu na kofia ya kijani yenye unyoya mrefu, viganja vyake vimekutana. Nyuma yake wamesimama wageni na mbao zao za kutelezea mabegani, wamefungua midomo wanacheka. Ilinichukua muda kumtambua kwa sababu ya ule unyoya. Nilipomtambua nikafunga kifuniko.

"Umeiona," akasema.

Nikakaa chini. Akanieleza bila kunitazama, kama mtu anayemsomea mwingine barua.

Siku aliyofika, mwenye hoteli alimpokea mlangoni pamoja na mama yake mzee, dada wa yule bruda. Mwalimu alifanya alivyolelewa. Aliweka begi chini, akachuchumaa kwenye theluji, akampigia yule mama makofi. Na yule mama akalia, maana kaka yake alikuwa amemwandikia habari za salamu ile kwa miaka mingi. Akainama na fimbo yake, akamjibu. Alijua kabisa, viganja vimekunjwa, mara tatu.

"Nikasema moyoni, nimefika kwa watu," Mwalimu akasema.

Wageni waliokuwa wanapita na mbao zao waliona. Kesho yake mwenye hoteli akamwomba awasalimie wageni wote namna ile. Kule wageni wanabadilishana Jumamosi: wa wiki iliyopita wanaondoka asubuhi, wapya wanafika mchana, basi baada ya basi. Mwalimu akachuchumaa mlangoni Jumamosi nzima.

"Ukakubali?"

"Nilidhani wanataka kusalimiwa, binti. Nilidhani wamesikia kwamba kuna salamu nzuri hapa, wameitaka. Mimi hata niliwaonea huruma, hawajui kujibu. Nikawa nawaonyesha viganja vinavyokunjwa."

Wiki nzima aliamini hivyo. Jumamosi ya pili walimletea koti na kofia yenye unyoya. Jioni yake akaenda kurekebisha kiti kwenye baa ya hoteli, akakuta vijana wamelewa wanachuchumaa katikati ya meza, wanapigiana makofi, wanaanguka chali kwa kicheko, na mmoja amevaa kofia yake. Walipomwona wakamshangilia. Wakamwomba aje awaonyeshe vizuri.

"Na mama mzee?"

"Alikuwa amekatazwa kutoka nje kwa sababu ya baridi. Msimu wa pili nikakuta ameshakufa. Baada yake hakuna aliyenijibu pale mlangoni. Hakuna hata mmoja."

Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza kwa nini alirudi huko mara nne.

"Kibali kiliandikwa kazi ya mlangoni. Useremala ulikuwa wa baada ya saa za kazi. Na huku nilishawaambia kwamba mimi ni seremala mkuu." Akavuta blanketi. "Nilipoondoka hapa mara ya kwanza nilikuwa sijui. Misimu minne iliyobaki nilikwenda nikijua. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ningekuwa sijui yote mitano, hata leo ningepiga makofi. Siku ya Muze nilitaka, Mungu ananiona. Viganja vilikataa. Nilimwona yule bibi pale mlangoni na watu wamesimama nyuma, nikasikia kile kicheko."

Nikalia. Nilimlilia yeye na nilijililia mimi na ulimi wangu. Nikamwambia nilichomwambia kijana wake siku ile. Aliitikia tu kwa kichwa, sijui kama alikuwa anajua au aliona halibadilishi kitu. Basi nikatoa simu.

"Mwalimu, niruhusu niipige picha hii kadi nimtumie kijana. Na maneno uliyoniambia. Akiiona ataelewa, atakuja kesho."

"Wewe ulipoiona, ulifanya nini kwanza?"

Nikaishusha simu.

"Nilikuwa nakutazama," akasema. "Ulicheka."

"Nilitabasamu, Mwalimu. Ni ule unyoya. Nilikuwa bado sijakutambua."

"Najua. Na yeye atakuwa bado hajanitambua." Alisema kwa upole, na upole wake haukuwa na faraja yoyote ndani yake. "Mwanangu ananikasirikia miaka mitano sasa. Acha anikasirikie. Unayemkasirikia ni mtu. Yule kwenye kadi wewe mwenyewe ulimwona, hakuna anayeweza kumkasirikia."

Nilibishana naye sana. Nilimwambia anamwonea mtoto, anajionea mwenyewe, na mimi ananiachia mzigo nisioustahili, au labda ninaoustahili. Nilipomaliza aliniuliza kama nitaheshimu neno lake, ndiyo au hapana. Nikasema ndiyo. Bado namchukia kwa kunisemesha hilo ndiyo.

Nilipakia sanduku, nikarudi kumuaga. Nikapiga magoti kama nilivyofanya siku zote. Ndipo nikaona anahangaika, anapapasa blanketi, anatafuta pembeni ya kiti. Hakuwa na kitu cha kushika. Vyote nilikuwa nimevipakia mimi. Nikainuka, nikaenda kwenye mkokoteni, nikafungua sanduku bila kukitazama kifuniko, nikatoa randa ndogo, nikamwekea mikononi. Akaishika. Nikarudi chini nikampigia makofi matatu, taratibu, na yeye akanitazama hadi nikamaliza.

Kijana alinipigia Pasaka hii. Alisikia kwamba baba yake hatoki tena kitandani. Akauliza habari za mvua, akauliza habari za mama, akazunguka zunguka, kisha akaniuliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Dada, bado ana kile kiburi chake?"

Kadi ilikuwa mbele yangu, kwenye kifuniko cha sanduku lililo wazi.

"Bado," nikamwambia.